Joto la Goti au Joto la Jua

Joto lile lilikuwa la goti au la jua? Nililala na swali hilo, au tuseme sikulala nalo. Nilikuwa nimeweka kiganja juu ya goti la baba, kwenye veranda ya nyumba yetu kule Gesima, na kiganja kilikuwa kimesikia joto. Hilo sikulitilia shaka. Lakini baba alikuwa amevaa suruali nzito ya kijivu, alikuwa amekaa upande wa jua tangu amalize kunywa chai, na mkono wangu haukugusa ngozi. Uligusa kitambaa. Kitambaa kilichokaa juani hupata joto hata kikiwa kimeanikwa kwenye kamba bila mtu ndani. Sasa nilichosikia mimi kilikuwa nini?

Kwa mtu mwingine hilo lingekuwa jambo dogo. Mimi ni mtu wa kuandika ujumbe wa simu, kuufuta, kuuandika upya, kuutuma, kisha kukaa nikijiuliza kama ile "sawa" ya mwisho haikuonekana kama hasira. Na goti si ujumbe wa simu. Goti lililovimba bila joto laweza kuwa uchakavu tu wa mtu aliyepanda na kushuka mteremko wa chai maisha yake yote. Goti lililovimba na lenye joto laweza kuwa na usaha ndani, na usaha ukishaingia kwenye kiungo haungoji mtu. Unakula gegedu, ule mto laini kati ya mifupa, kimyakimya, na mwenye mguu anakuja kugundua siku ambayo mguu haukunjiki tena. Baba bila goti angebaki kuwa mtu wa kiti. Kila kitu chetu kiko mteremkoni: chai, migomba, chemchemi, hata kanisa.

Nilikuwa nimemaliza masomo ya utabibu na kurudi nyumbani kungoja kupangiwa hospitali ya kufanyia mafunzo ya kazi. Kungoja huko kulikuwa kumerefuka. Asubuhi nilichuma chai na mama, mchana nikasoma upya vitabu vyangu ili yaliyomo yasinitoroke, na kila aliyepita njiani aliniita daktari. "Daktari, umeamkaje?" "Daktari, hiki kikohozi changu ni homa au ni vumbi?" Niliwaambia mimi si daktari, bado. Wakacheka, wakadhani nina unyenyekevu.

Goti lenyewe lilijulikana kanisani. Sisi ni Waadventista, na kabla ya Meza ya Bwana watu hutawadhana miguu. Wanaume huwa upande wao na wanawake upande wao, wawili wawili, mmoja ameketi na mwingine amepiga magoti mbele ya karai. Sabato hiyo baba alioshwa miguu vizuri, lakini zamu yake ya kuosha ilipofika hakuweza kupiga magoti. Alijaribu, akashika kiti, akarudi kukaa. Mwenzake, mzee mmoja jirani yetu, alimkunjia suruali ili aone kulikoni, na akaona. Baada ya ibada alimfuata mama langoni, akamwambia bila kupunguza sauti:

"Mama, goti la mzee limejaa kama boga. Mnalilisha nini?"

Mama hakuwa na habari. Baba alikuwa amelificha hata kwake, kwa kulala na suruali nzito na kusema kwamba baridi ya Gesima siku hizi imezidi. Tulitembea kurudi nyumbani polepole, baba akichechemea katikati yetu na kusifu mahubiri kuliko kawaida yake. Tulipofika kwenye migomba yetu mama alisimama.

"Mzee, kesho unaangaliwa."

"Nani anakataa?" baba alisema. "Daktari si huyu hapa?"

Kesho yake alitoa kiti mwenyewe, akakiweka verandani, akakaa juani na kuniita. Nilichuchumaa mbele yake. Akashika upindo wa suruali, mguu wa kushoto, akaanza kuukunja. Alikunja kupita kifundo, kupita shavu la mguu, mpaka chini kidogo ya goti, na hapo mkono ukasimama. Hakunitazama. Alitazama kilima cha ng'ambo kana kwamba kuna mtu huko anampungia. Nami nilipaswa kusema, "Tata, ongeza kidogo." Tata ndivyo tunavyomwita baba kwa lugha ya nyumbani. Maneno yalifika mdomoni, yakabaki hapo.

Kwetu Wagusii kuna kitu tunakiita chinsoni. Ukikitafsiri utapata aibu, lakini si aibu ya mtu aliyekosa. Ni heshima iliyosimama kati ya mzazi na mtoto mkubwa kama ua kati ya nyumba mbili. Binti haingii chumba anacholala baba yake, hakai kitandani pake, hamwoni akiwa amevua, na mambo ya mwili hayatajwi wawili hao wakiwa pamoja. Paja la baba liko ng'ambo ya ua huo. Goti liko mpakani. Na goti halipimwi kwa kutazamwa tu. Mgonjwa analala chali, mguu unakuwa wazi hadi katikati ya paja, na mkono wa tabibu unaanzia huko juu ukishuka.

Wapo watakaosema ugonjwa hauna aibu. Hata mimi nilijiambia hivyo. Kama baba angekuwa amezirai ningemkata suruali kwa mkasi bila kumuuliza mtu. Lakini alikuwa mzima, macho makavu, ananiuliza kama mvua itanyesha mapema. Hospitalini nilikofanyia mazoezi nilikuwa nimepima magoti ya wanaume wengi bila kupepesa jicho. Wale walikuwa baba za watu wengine.

Basi nilifanya jambo ambalo mwalimu wangu yeyote angenitoa wodini kwa kulifanya. Nilipima goti juu ya suruali. Nikabonyeza huku na huku, kitambaa kikakunjamana. Nikaweka kiganja, nikasikia joto. Nikamwekea kipimajoto kwapani, hilo halina chinsoni, na homa haikuwepo. Nikamwomba akunje mguu, akakunja nusu na kuuma meno.

"Haya, daktari. Unasemaje?"

"Tata, pumzika kwanza. Tuone."

Nilimaanisha kwamba anipe muda nifikiri. Yeye alisikia hukumu. Kabla ya saa za chakula cha mchana nilikuwa jikoni nikimsikia akiwaambia wapita njia, mmoja baada ya mwingine: "Nimeshaangaliwa. Daktari amesema ni kupumzika tu." Mama alipotaja hospitali ya Kisii alijibiwa kwa mshangao. "Kufuata nini? Hospitali ninayo hapa nyumbani."

Kila alipolirudia neno langu lilizidi kuwa kubwa, na mimi nikazidi kuwa mdogo. Ndiyo maana usiku ule sikulala.

Asubuhi nilienda kwa nyanya, mama yake baba, ambaye jiko lake liko nyuma ya nyumba yetu. Na kwa nyanya hakuna ua. Sheria yetu ni hiyo hiyo, ila imegeuzwa upande wa pili. Mzazi na mtoto wanaheshimiana mpaka inauma, lakini bibi na mjukuu ni watu wa utani, na hakuna neno lisilosemeka kati yao. Nyanya huniita mke mwenzake, kwa hesabu kwamba mimi pia ni mke wa marehemu babu.

"Mke mwenzangu," alisema nilipoinama kuingia, "mbona macho yamevimba? Umelala na nani aliyekunyima usingizi?"

"Na goti la mwanao."

"Ala! Goti hilo nimeliosha mimi, nikalipaka mafuta likiwa dogo kama limau. Leo siwezi kulitazama. Na wewe huwezi. Sasa tumwite mchungaji?"

Nilimweleza kila kitu, suruali, jua, usaha, gegedu. Nilieleza kwa urefu, kama kawaida yangu, na alinisikiliza huku akichochea moto. Nilipomaliza alinyoosha miguu yake miwili juu ya mkeka, akapandisha sketi mpaka mapajani.

"Pima langu basi, usije ukasahau kazi. La kulia limevimba tangu ukiwa shule ya msingi, na hakuna aliyewahi kuniuliza habari zake."

Nilipiga magoti kando yake. Goti la kushoto lilikuwa la mtu mzee aliyekonda: mfupa ulionekana, na pande zote mbili za pia ya goti kulikuwa na vishimo viwili vidogo. La kulia halikuwa na vishimo. Palikuwa pamejaa, laini, kama mtu aliyevimbisha mashavu. Kwa kiganja changu nilisukuma upande wa ndani wa goti kwenda juu, mara kadhaa, mpaka upande huo ukawa bapa. Kisha nikateremsha mkono upande wa nje, taratibu. Na pale nilipokuwa nimepafanya bapa, ngozi ikajaa tena yenyewe. Maji yaliyokimbia upande mmoja yalikuwa yamerudi.

Nyanya alikodoa macho. "Rudia."

Nikarudia. Pakajaa tena.

"Kama chura anayemeza mate!" alisema. "Kumbe miaka yote hii natembea na kisima, na bado wananituma chemchemini."

Nilishika goti lake kwa mgongo wa mkono. Lilikuwa poa, kama lile lingine. Kisima cha zamani, kisicho na hasira. Hata hivyo nilianza kumweleza kwamba na yeye itabidi siku moja aonwe, akanipungia mkono ninyamaze, kwa sababu mama alikuwa ameingia na mkungu wa ndizi za kupika na kusimama mlangoni akitazama.

"Hicho kinachotembea ni nini?"

"Maji," nilisema. "Ndivyo mtu anavyojua kama goti lina maji ndani."

"Hivyo tu? Unasukuma na kutazama?"

"Na kulinganisha na goti la pili. Na kusikiliza joto. Lakini lazima liwe wazi."

Mama aliweka mkungu chini. "Mimi na yule mzee hatuna chinsoni," alisema. Kisha akajisikia amesema nini, mbele ya mama mkwe wake na binti yake, akainama ghafla kuhesabu ndizi. Nyanya alicheka mpaka akashika tumbo.

"Mfundishe!" alisema akifuta machozi. "Mfundishe upesi kabla hajabadilisha mawazo."

Tukaanza. Mama alisita kumgusa mama mkwe, lakini nyanya alimvuta mkono mwenyewe na kuuweka gotini. Mara ya kwanza mama alisugua kama anayeondoa masizi kwenye sufuria.

"Wee! Hilo ni goti, si karai!"

Mara ya pili alikuwa mwepesi mno, ngozi haikusogea. Nikaweka mkono wangu juu ya wake ili ajue uzito. Mara nyingine akateremsha mkono upande wa nje haraka sana, maji yakarudi kabla hajaangalia. Tulikwenda hivyo mpaka nyanya akasema goti lake limechoka kuwa shule. Kisha nikampa mama goti langu mwenyewe. Alisukuma, akateremsha, akangoja, hakuna kilichotokea. Nikamwambia hilo nalo ni somo, ajue goti lisilo na kitu linavyonyamaza. Nikamwambia pia kuhusu mgongo wa mkono, kwamba ndio unaosikia joto vizuri, aanze na goti zima kisha aende kwa gonjwa, kisha arudi. Nikamuuliza maswali. Nikamuuliza tena. Nikamuuliza angefanya nini kama vishimo vimepotea pande zote mbili, na kama mzee amekaza paja, na kama...

"Mwanangu," mama alisema, "mimi naenda kugusa goti. Siendi kumpasua."

Baba aliambiwa jioni. "Ng'ombe wa ndugu yangu kule Nyansiongo alivimba goti," alisema. "Daktari wa mifugo alikuja, akaligusa, akaondoka. Hakukuwa na mkutano." Lakini hakukataa.

Tulifanya asubuhi, jua likiwa bado nyuma ya kilima. Hilo nilisisitiza mimi. Nilisisitiza pia kwamba baba alale chali na magoti yote mawili wazi kwa muda kabla hayajaguswa, maana blanketi nalo lina joto lake. Niliweka kigoda kwenye ukumbi mdogo nje ya chumba chao, nikakaa nikilipa mgongo pazia la mlangoni. Mama aliingia. Nikasikia kitanda kikilia.

"Amelala?" niliuliza.

"Amelala kama mtu anayengoja kunyolewa."

"Mwambie alegeze paja."

"Nimelegeza," baba alisema.

"Hajalegeza," mama alisema. "Limekaza kama gogo. Mzee, pumua."

Baba akapumua kwa sauti kubwa, ya kutuonyesha.

"Anza na kutazama. Vishimo?"

"La kulia viko. Viwili." Nikasikia akihamia upande wa pili. "La kushoto hakuna. Huku ndani hakuna, na huku nje hakuna. Na juu ya goti pamejaa pia, hapa, kama andazi."

"Usimwambie andazi," baba alisema. "Mwambie kidaktari."

"Joto sasa," nilisema. Nilikuwa nimeshika kigoda kwa mikono miwili. "Mgongo wa mkono. La kulia kwanza."

"La kulia poa." Nikamsikia baba akipumua. "La kushoto lina joto. Si la kuchoma. Lakini si sawa na lile. Ngoja nirudie." Akarudia. "Ndiyo. Joto lipo."

Basi halikuwa jua. Nakumbuka jambo la ajabu, kwamba nilisikia nafuu. Habari ilikuwa mbaya kuliko nilivyotaka, lakini ilikuwa na umbo. Ningeweza kuishika.

"Ngozi ni nyekundu? Imekaza, inang'aa?"

"Hapana. Ngozi ni ile ile yake."

"Mzee anaumia ukigusa?"

"Naumia ukiuliza maswali mengi," baba alisema.

"Haya mama, sasa sukuma. Upande wa ndani, kwenda juu."

Nilimsikia akihesabu chini kwa chini, kama anavyofanya akipanga majani ya chai kwenye kikapu. Kisha akasema, "Nateremsha." Halafu akapiga kelele. "Yametoka! Yamekuja upande huu! Mzee, umeyaona?"

"Nini kimetoka?" baba aliuliza kwa sauti ya mtu aliyeinuka kitandani. "Nini kimetoka?"

"Maji! Yamerudi kama ya nyanya!"

"Mama yangu ameingiaje humu?"

Nilicheka mpaka nikaegemea ukuta. Nao ndani wakacheka, mama kwanza, kisha baba taratibu, na kitanda kikalia tena. Nilipotulia nikajua wananingoja.

"Haya," baba alisema kutoka nyuma ya pazia. "Daktari amejua. Tuandikie dawa."

Dawa za maumivu nilikuwa nazijua. Ningeweza kumtuma mtu dukani sokoni, baba akameza, maumivu yakapungua, na neno langu la "pumzika" likaonekana kuwa la busara. Niliwaza hilo, halafu nikawaza lile la usaha, halafu nikawaza kwamba homa hana na ngozi haijawa nyekundu, halafu nikawaza juu ya wagonjwa ambao hawana homa na bado wana usaha. Kichwa changu kingeweza kuzunguka hapo mpaka chai ya wiki nzima ikomae. Lakini mambo mawili nilikuwa nayo mkononi: maji yapo, joto lipo. Na maji hayo yalikuwa ya nini, hakuna mtu angeweza kusema kwa kuwaza.

"Tata, mimi naishia hapa," nilisema. "Lazima maji hayo yatolewe kwa sindano yapimwe. Twende hospitali leo."

Nikasikia akigeuka kitandani. Nilidhani ni sindano anayoiogopa, nikaanza kutafuta maneno ya kumtuliza.

"Nikienda, watu watasema nini?" aliuliza. Sauti ilikuwa ya chini, tofauti na ile ya mchezo. "Nimewaambia wote kwamba binti yangu ameniangalia. Wakiniona naenda kwa daktari mwingine, watasema ulisoma bure."

Nilibaki nikitazama mlango wa mbele. Siku zote hizo nilimwona kama mzee mkaidi, anayejivunia daktari wake mpaka anajiumiza. Kumbe alikuwa amelikalia goti lile kwa ajili ya jina langu. Yeye alinilinda kwa kutokwenda, na mimi nilijilinda kwa kutosema sijui, na goti likawa linavimba katikati yetu.

"Tata, hata madaktari wakubwa hutuma wagonjwa kwa wenzao. Mimi ndiye ninayekutuma. Akikuuliza mtu, mwambie hivyo."

"Na mimi ndiye niliyekupima," mama aliongeza. "Ukikataa namwendea yule mzee wa kanisani namweleza kila kitu."

"Kila kitu?"

"Kila kitu. Hata ulivyopiga kelele."

"Ni wewe uliyepiga kelele."

"Atamwamini nani?"

Kitanda kililia mara ya mwisho. "Leteni viatu vyangu," baba alisema.

Tulimpandisha kwenye pikipiki, na mama na mimi tukatembea kando yake mpaka barabarani, dereva akienda mwendo wa maandamano. Jirani yetu mmoja, mwanamke anayejua habari kabla hazijatokea, alikuwa akichuma chai karibu na njia. Akainuka, kikapu mgongoni.

"Daktari! Mnampeleka wapi mzee? Si ulisema ni kupumzika tu?"

Shingo ilipata moto. Kwa kawaida ningesema tunafika tu mjini, kisha ningekaa wiki nzima nikijiuliza kama ameamini. Baba aliangalia mikono ya dereva. Mama aliniangalia mimi.

"Nilisema apumzike kwa sababu nilikuwa sijajua," nilimwambia. "Sasa tumempima vizuri. Ana maji ndani ya goti, na mimi siwezi kuyatoa hapa. Nampeleka kwa wanaoweza."

Alilifikiria jibu hilo. "Ehe," alisema. "Basi mkirudi nitakuletea la kwangu pia." Akarudi kuchuma. Baba juu ya pikipiki aliketi wima kidogo.

Hospitali tuliyokwenda iko Kisii mjini, upande wa Nyanchwa. Tabibu aliyemwona baba alikuwa kijana, si mtu wa kwetu, na alizungumza naye Kiswahili. Mama na mimi tulikaa kwenye benchi nje ya pazia la kijani. Nilisikia kila kitu.

"Mzee, nani alikwambia uje?"

"Daktari yangu iko hapo nje," baba alijibu kwa Kiswahili chake cha Sabato. "Yeye ndiye alinituma. Alisema hii maji itolewe ipimwe."

"Alisema vizuri."

Mama alinigusa kwa kiwiko. Nikajifanya sikuhisi.

Maji yalitolewa. Tabibu alipita nayo mbele yetu ndani ya kichupa, akakisimamisha kidogo ili nione: ya manjano, maangavu, ungeweza kuona vidole vyake upande wa pili. Hayakuwa na ukungu wa usaha. Hata hivyo yalipelekwa maabara, na tukangoja, na nilipongoja nilifanya kazi yangu ya kawaida ya kufikiria kila kinachoweza kuharibika. Majibu yalipokuja yalikuwa ya amani. Hakukuwa na usaha wala vijidudu. Kiungo kilikuwa kimechakaa, kikakasirishwa na msimu mrefu wa kubeba chai kwenye mteremko. Apumzishe mguu kweli kweli, afunge goti, afanye mazoezi atakayoonyeshwa, arudi aonwe. Baba aliuliza kama atapiga magoti tena. Tabibu akasema akifuata maagizo, ndiyo, taratibu.

Ndipo tabibu akatoa kichwa nje ya pazia. Alikuwa ameshika bendeji mkononi.

"Wewe ndiye daktari wake? Ingia basi, ulishike goti kabla sijalifunga. Uone tofauti. Utajifunza."

Alikuwa na wema, na hakujua anachosema. Niliinuka nusu. Nyuma ya pazia kulikuwa na kile nilichokitaka tangu siku ya veranda: goti wazi, bila suruali, bila jua, na mkono wangu mwenyewe. Ningejua. Nisingehitaji kuambiwa na mtu. Na nyuma ya pazia baba alikuwa amenyamaza. Hakukohoa, hakusogea. Nilijua bila kuona kwamba mkono wake uko kwenye upindo wa suruali.

Nilimtazama mama. Alikuwa ameweka mkoba mapajani, miguu pamoja, kama mtu aliye kwenye ibada.

"Asante," nilimwambia tabibu. "Mpimaji ni huyu. Mwonyeshe yeye, ndiye atakayelifunga nyumbani."

Tabibu alimtazama mama, kisha mimi, kisha akafungua pazia kidogo. Mama alinikabidhi mkoba, akajifuta viganja kwenye leso na kuingia. Nilikaa. Nikamsikia akiuliza kama mgonjwa amelegeza paja, na baba akijibu kwamba amelegeza tangu asubuhi. Halafu:

"Nimesukuma. Nateremsha." Akarudia. "Hakuna kitu! Limenyamaza!"

"Punguza sauti," baba alisema. "Hapa si nyumbani."

Nilisogea pale mama alipokuwa ameketi, mahali pakiwa bado na joto lake, nikauweka mkoba mapajani na kungoja watoke.